Samaki wa Bwawa Warudi Mishomoroni

Kila asubuhi Bi Kulthum wa Mishomoroni huteka maji bwawani, akamwagilia mchicha wake. Tangu mumewe alipofariki, mchicha huo ndio unaomlisha.

Siku moja, mwaka wa 1961, bwana afya aitwaye Ngumbao alifika kwa baiskeli. Alichota maji ya bwawa kwa bakuli jeupe. Viluwiluwi vya mbu vilicheza ndani.

"Mama, homa imezidi mtaani. Mbu wanazaliwa humu. Itanibidi nimwage mafuta juu ya maji."

"Mafuta! Na mchicha wangu niumwagilie nini, mate?"

Ngumbao alicheka, lakini hakulegea. "Nakupa mwezi mmoja. Nikikuta viluwiluwi, namwaga."

Bi Kulthum alikwenda moja kwa moja shuleni kwa Mwalimu Idarus. Mwalimu alimsikiliza, kisha akawaeleza wanafunzi.

"Zamani bwawa lile lilikuwa na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Mwaka wa ukame lilikauka, wakafa wote. Mvua ilirudisha maji, haikurudisha samaki."

"Basi tulete samaki wakubwa wa bara!" alisema Kafedha, msichana asiyeishiwa maneno.

"La. Samaki mgeni aweza kuleta maradhi, au akamaliza vyura wetu. Tutafute wale wale wa hapa."

"Wamo katika birika la msikiti!" alisema Ghalib. "Wazee waliwatoa bwawani kitambo, wakawatia humo wawe wanakula viluwiluwi."

Imamu alitoa ruhusa. Wanafunzi wakabeba samaki thelathini kwa ndoo. Walipofika bwawani, Ghalib alitaka kuwamwaga papo hapo. Mwalimu akamshika mkono.

"Polepole! Maji ya birika ni baridi, ya bwawa yana joto. Iache ndoo ielee. Tia maji ya bwawa kidogo kidogo. Wakishazoea, watatoka wenyewe."

Wiki mbili zikapita. Viluwiluwi bado tele! Bi Kulthum akarudi shuleni, amekuja juu.

"Samaki wako wavivu, mwalimu! Na mimi kila siku nawatupia wali!"

"Wali?"

"Si wageni hao? Waje kwangu walale njaa?"

Wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Bi Kulthum, hao si wageni. Bwawani ni kwao. Ukiwashibisha, hawatawinda. Na wali ukioza, maji yanaharibika."

"Kumbe! Basi wallahi, hata punje hawaipati!"

Mwezi ulipotimia, Ngumbao alikuja na debe la mafuta, wanafunzi wakakusanyika bwawani. Bi Kulthum alisimama kando na ndoo yake. Ngumbao alichota mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kiluwiluwi hata kimoja. Bakulini mlikuwa na vijisamaki viwili, vyembamba kama uzi.

"Wameshazaa!" Kafedha alipiga kelele.

Ngumbao alivirudisha majini taratibu. Akalifunga debe lake kwenye baiskeli.

"Haya mama, sina kazi tena hapa."

"Ipo," alisema Bi Kulthum, akimkabidhi ndoo. "Mchicha haujanywa tangu asubuhi."