Shahidi wa Kioo

Kila kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walitoka shuleni makundi makundi, na Bubu akatoka peke yake. Hilo halikuwa jina lake, jamani! Wenzake walimbandika alipohamia, kwa sababu siku zake za kwanza hakufungua kinywa, na jina likishamganda mtoto kulibandua ni kazi. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mama yake alifua mashuka ya hospitali na kurudi giza limeshaingia. Basi Bubu alikwenda maktaba.

Maktaba ilikuwa ndani ya jengo kongwe lililowahi kuwa mahakama, lenye kuta nene na madirisha marefu. Humo Bubu alikuwa na kona yake: kiti, meza ndogo, na ukuta wenye ufa uliopanda mpaka juu ya kichwa chake. Hapo hakuna aliyemsemesha, lakini hapo pia hakuna aliyemcheka. Alipapenda kuliko mahali popote.

Sasa maktaba ilikuwa inapanuliwa. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na stoo iliyojaa vumbi na kinyesi cha njiwa, nayo ingegeuzwa chumba cha watoto. Na mlango ungetobolewa wapi? Palepale kwenye kona ya Bubu. Aliposikia hivyo, alitaka kulia. "Jengo lote hili, wameona kona yangu tu!" aliwaza.

Siku moja fundi mwashi alikuja na kipande chembamba cha kioo. Akakigandisha kwa saruji juu ya ufa, ncha moja upande huu, ncha nyingine upande ule.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," mkutubi alimwambia. Mama huyo alipenda methali kuliko chai.

"Lakini mama, ufa huulizwa kwanza ndipo uzibwe," fundi alijibu. "Hiki ni shahidi wetu. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Kikipasuka, sitoboi. Kikibaki kizima mpaka mwisho wa mwezi, natoboa."

Alasiri moja Bubu aliinuka kwenda nyumbani. Akautupia mkoba wake begani bila kuangalia nyuma. Ka! Mkoba uligonga kioo, na kioo kikapasuka katikati. Bubu akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akatoka mbio.

Kesho yake alimkuta fundi amechuchumaa mbele ya ufa, akitikisa kichwa. "Ukuta huu unatembea," fundi alisema. "Hapa hapatobolewi kitu."

Bubu alijificha nyuma ya rafu, akatabasamu. Kumbe kona yake imepona! Lakini furaha ile haikufika mbali. Jioni hiyohiyo wasomaji wote waliambiwa watoke, na mlango mkubwa ukafungwa kwa mnyororo. Ukuta unaotembea si wa kuchezea.

Tangu hapo Bubu alishinda kwenye ngazi za nje, mkoba mapajani. Watu walipita, hakuna aliyemuuliza lolote. Jua likizama alikwenda nyumbani kusikiliza bomba likidondosha maji. Mama yake alirudi hoi.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Salama, mama."

Kabla hajasema zaidi, mama alikuwa ameshasinzia kitini. Bubu alijisikia mpweke.

Ndipo siku moja alipowaona fundi na mkutubi wakitoa maboksi ya vitabu nje. Mkutubi alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Wanasema jengo ni bovu, tuhame," alimwambia fundi. "Miaka yote nimekiomba hicho chumba cha watoto, leo nakosa hata maktaba yenyewe!"

Bubu alisimama. Akawasogelea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Sogea, hapa ni hatari."

"Ukuta haujasogea."

Fundi alicheka. "Loo! Na wewe ujenzi umesomea wapi?"

"Kioo nilikivunja mimi," Bubu alisema, machozi yakimtoka. "Kwa mkoba. Kwa bahati mbaya. Halafu nikanyamaza, ili kona yangu isibomolewe."

Mkutubi alishika kiuno. "Mtoto wewe! Siku zote hizi unaniona nikihangaika, umekaa hapo kwenye ngazi!" Akageuka, akaingia ndani bila kumtazama tena. Hilo lilimuuma Bubu kuliko kuchapwa.

Fundi hakugomba. Alibandika kioo kingine, akakizungushia mabenchi kisiguswe. Maboksi yakasimama. Kila siku Bubu alikuja, akachungulia dirishani peke yake, akarudi. Mwisho wa mwezi fundi alifungua dirisha na kumwita. Mkutubi alikuwa kando yake.

"Kizima!" fundi alisema. "Ukuta umetulia tuli. Sasa nisikilize, binti. Kuvunja kioo ilikuwa bahati mbaya, hilo halina kesi. Kunyamaza ndiko kulikotaka kutufungia maktaba. Kioo hakina mdomo, ndiyo maana husema kwa kupasuka. Wewe mdomo unao. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Mkutubi aliguna, kisha akamfuta Bubu vumbi shavuni. "Njoo unisaidie kurudisha vitabu," alisema.

Mlango ukatobolewa, na kona ikatoweka. Siku ya kufungua chumba cha watoto, Bubu alisimama mahali kiti chake kilipokuwa, akapakumbuka kwa huzuni. Watoto walimpita wakikimbia. Msichana wa darasa lake akasimama mbele yake.

"We Bubu, vitabu vya hadithi viko wapi?"

"Siitwi Bubu," alijibu, akamtajia jina lake.

"Kumbe unaongea!"

"Naongea," alisema. "Twende, nikuonyeshe."