Barua ya Kutoka

Asubuhi hiyo masjala ya mahakama ilinuka nywele zilizoungua. Karani mkuu hakujali. Alikunjua gazeti, akawaacha wenye kesi wakipanga foleni dirishani, maana kuwasubirisha watu ndiyo kazi pekee aliyoijua vizuri.

Kisha taipureta ikaanza kulia. Mpiga chapa alikuwa binti yake wa pekee, aliyemwingiza kazini kwa mlango wa nyuma. Macho kayafumba, vidole vinakimbia, na karatasi haimo.

"Mwanangu, vipi tena?"

"Mwanao nimempanda," ilijibu sauti nzito ya kiume kinywani mwa binti.

Makarani wenzake, mashujaa wa kufokea wajane, walitimua mbio, mmoja akaacha kiatu. Akabaki mfagizi, mwanamke wa ukoo wa waganga, ambaye humo ndani hakuna aliyewahi hata kumsalimia.

"Nisaidie, mama yangu," karani alinong'ona.

"Leo nimekuwa mama yako?" Mfagizi alisonya, lakini akapiga magoti mbele ya binti. "Unataka nini, mkubwa? Ubani? Damu?"

"Ubani wa nini!" jini likacheka. "Miaka ishirini naishi kwenye makabati haya, nimeshajua taratibu zenu. Nataka barua ya kutoka, yenye sahihi na muhuri. Nikipewa sirudi. Nikinyimwa, naondoka na huyu."

"Andika, mzee! Upesi!" mfagizi alihema.

Karani aliandika. Pamoja na uovyo wake, yeye alimpenda binti huyo kuliko roho yake, na sasa aliikimbiza kalamu huku akisikia pumzi za mwanawe zikikatika nyuma yake, kisha kiti kikisogea, kisha miguu mitupu ikiburuzwa sakafuni, ikipita mlangoni, ikizunguka ukumbi taratibu, na foleni nzima nje ikinyamaza ghafla, naye asithubutu kuinua kichwa mpaka amalize. Akatia sahihi. Akagonga muhuri.

Dirisha likabishwa.

"Mheshimiwa, naomba barua yangu," sauti ilisema kwa adabu.

Karani, kichwa bado kimeinama, akajibu kabla hata hajafikiri:

"Njoo kesho."

Mfagizi akapiga yowe.

"Haya," jini likasema kwa upole. Binti akaporomoka chini ya dirisha, na ndani baba yake amesimama na barua mkononi, wino wa muhuri haujakauka.