Fundi wa Nguzo na Mjukuu wa Cai

Kipande cha chokaa kilidondoka ndani ya supu ya karanga wakati Cai Ruizhu anamkabidhi mteja bakuli. Mteja akasonya, akaenda zake. Ruizhu akatoka barazani, mikono kiunoni, gauni lake la maua ya njano limefungwa aproni, akatazama juu ya ngazi.

"Wewe fundi! Hii supu nani ataila?"

"Mimi, dada. Chokaa ni dawa ya tumbo."

"Dawa ya tumbo lako. Shuka!"

Akashuka kijana mrefu, nywele nyeupe kwa vumbi, fulana imelowa jasho, na meno mazuri ambayo Ruizhu aliyaona kabla hajataka kuyaona. Akaimaliza supu pamoja na chokaa yake, macho kwa mwenye supu. Jina lake Wu Yongjian, akasema. Ruizhu akajikuta anamwongezea bila kuombwa.

Mwaka huo mji wa Xiamen ulikuwa unaisafisha Barabara ya Zhongshan, nguzo kwa nguzo, kuanzia gatini. Yongjian alibandua rangi, na kila tabaka lilikuwa na duka lililokufa. Kwenye nguzo ya kina Cai, chini ya bluu ya duka la ushirika, yakatokea maandishi mekundu ya mshona kofia. Chini yake, jina la wakala aliyepokea barua za waliohamia Manila. Na chini kabisa, kwa wino mweusi: Ke na Cai, Nguo na Nyuzi.

"Kumbe mlishirikiana na kina Ke," alisema Yongjian.

"Kushirikiana tu? Ke na Cai ni damu moja tangu zama za mababu. Hatuoani hata kwa bahati mbaya." Ruizhu akacheka. "Bahati yako wewe ni Wu."

Yongjian akapanda ngazi, akakwangua kimya kimya mpaka jioni.

Mapenzi yao yalikua hapo hapo barabarani, mbele ya macho ya wauza vitambaa na wauza samaki wakavu. Hata kazi ilipohamia nguzo za mbali, simu ya duka haikutulia.

"Umekula, kipenzi?"

"Nikisema sijala utaniletea?"

"Nitakuletea na mimi mwenyewe."

"Wewe bado una chokaa. Oga kwanza!"

Ukafika wakati wa kujitambulisha kwa Bibi, aliyemlea Ruizhu tangu mama yake alipofariki. Yongjian akaja na shati lililopigwa pasi, majani ya chai na mguu wa nguruwe uliofungwa karatasi nyekundu. Bibi akampenda mara moja. Akamimina chai, akauliza, "Baba yako ni Wu wa wapi?"

"Wu ni jina la mama, Bibi. Babu mzaa mama hakujaliwa mtoto wa kiume, ndipo nikapewa mimi ukoo wake."

"Na baba?"

Yongjian akatazama kikombe chake. "Ke."

Bibi akaiweka birika chini. Chai yake hakuigusa.

Jioni ile simu ililia.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wako ni ngazi! Siku ile ya nguzo ulijua, ukanyamaza."

"Nilijua. Ningesema, ungeniongezea supu tena?"

Ruizhu akakata. Simu ikalia tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka akaipokea akiwa analia.

"Umekula?" akauliza Yongjian.

"Sijala."

"Hata mimi."

"Basi njoo ule, mjinga wewe."

Wakala bakuli moja, vijiko viwili. "Twende Shenzhen," alinong'ona Yongjian. "Kule hakuna anayeuliza ukoo."

"Na Bibi? Asipokunywa chai yetu ya baraka siku ya harusi, siolewi. Hata kwako, Jian. Siwezi."

Bibi naye hakuwa na kinyongo. "Kijana anafaa," alisema. "Ila si langu la kuamua. Tuwaulize wenyewe."

Wenyewe, mababu wa kina Cai, walikuwa ukutani, majina yao kwenye vibao vyeusi. Huulizwa kwa kurusha vipande viwili vya mzizi wa mwanzi, kila kimoja bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, wamekubali. Vyote viwili vikilala mviringo juu, wamekataa. Nyumbani kwa kina Cai, swali la ndoa huulizwa mara moja tu.

Asubuhi, ghorofani juu ya duka, Bibi akawasha ubani, akapiga magoti, akanong'ona majina yao wawili, akarusha.

"Moshi umeniingia machoni," akasema. "Nisomee wewe, Zhu."

Mviringo juu, vyote viwili. Yongjian, aliyesimama mlangoni, aliviona pia. Akamtazama Ruizhu. Lilihitajika neno moja tu: wamekubali. Moyo wa Ruizhu ulilitaka neno lile kuliko kitu chochote duniani, lakini maisha yake yote hakuwahi kumdanganya Bibi, na ulimi ukagoma.

"Wamekataa, Bibi."

Yongjian akainama kwa adabu, akashuka ngazi. Hatua zake zikamezwa na kelele za barabara. Ruizhu akakaa sakafuni.

Bibi alinyoosha mkono akaviokota vile vipande, kimoja, kisha cha pili, bila kupapasa.

"Niliona vilivyolala," akasema, machozi yanamtiririka. "Kwa nini hukunidanganya, mjukuu wangu? Ile chai ya harusi yenu ningeinywa."