Jina la Himid

Bi Mwatum wa kijiji cha Ole alikuwa akiamka, akiswali, akichimba muhogo wake, kisha akifunga mlango. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu afiwe. Mwanawe Himid alianguka mkarafuuni, akafa. Majirani walimpenda Bi Mwatum, lakini huruma yao ilikosea njia. Jina la Himid hawakulitaja kabisa, wasije wakamtonesha kidonda. Akipita, walinyamaza.

Msimu wa karafuu wa mwaka 1958, mwanamke mmoja akabisha hodi. Aliitwa Masika, mtu wa bara aliyekuja kuchuma karafuu. Mkononi ana kifuu.

"Shikamoo, Bi. Naomba kaa la moto."

"Marahaba. Chukua."

Masika akaona kofia ukutani. "Ya nani ile?"

"Ya mwanangu. Kafa."

"Innalillahi! Alikuwa akiitwa nani?"

Bi Mwatum aliduwaa. Miaka miwili hakuna aliyemuuliza. "Himid," akasema, na machozi yakamtoka. Masika akaweka kifuu chini, akakaa naye. Kaa likazimika, hakujali.

Tangu hapo akaja kila asubuhi. Siku moja Bi Mwatum akalitoa lililomkaba.

"Miye ndiye nilomwambia apande. Nimemuua mwanangu."

"Hukumuua, Bi. Kila mama hapa humtuma mwanawe karafuu. Tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, hata kwa mtu mzima. Mimi nachuma, najua. Lakini huzuni usiifungie ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zungumza na watu."

"Watu wenyewe hawataki kusikia."

"Wanaogopa tu."

Masika hakuwa na kufuli mdomoni. Akawaendea majirani. "Msimnyamazie mwenzenu! Mama hamsahau mwanawe kwa kuwa ninyi mmenyamaza. Mtajeni Himid. Akilia, kaeni naye."

Kesho yake akaja Bi Mwanapili, jirani wa nyumba ya pili. Alikuwa na hofu.

"Bi Mwatum, n'na neno la Himid. Kanitilia ufa mtungi wangu wa maji. Kisha kaugeuza, ufa ukaelekea ukutani. Maji yalipovuja kanambia, 'Bi, mtungi wako unatoka jasho!'"

Bi Mwatum alimkodolea macho. Habari hiyo hakuwa nayo. Alidhani mambo ya mwanawe yamekwisha yote, kumbe mengine yalikuwa kwa majirani. Akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yanamtiririka.

"Mbona hukuja kunishitakia?"

"Ningekushitakia vipi? Kanitekea maji wiki nzima!"

Bi Mwatum akafungua mlango wote, akatandika mkeka.

"Kaa, mwenzangu. Nambie na jengine."