Vipimo Visivyosikika

Somoe alikuwa akichambua mchicha uani, Tandika, Clara alipopiga hodi. Clara ni muuguzi wa kliniki ya jirani. Hakukaa. Mkononi alishika kanda.

"Nawarudishia kanda yenu, mama."

Kanda hiyo ilirekodiwa na kikundi chao cha wanawake. Ilifundisha kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Demetria aliimba, Somoe akasoma vipimo.

"Ina ubaya gani?" Somoe akauliza.

"Demetria akiimba, watoto wote wanalia. Napunguza sauti. Ukija wewe kusoma, husikiki. Jana mama mmoja kadaka 'sita' na 'chumvi' tu. Akatia vijiko sita vya chumvi."

Mchicha ukamtoka Somoe mkononi. "Mtoto je?"

"Mzima. Mama aliyaonja kwanza, akayatema. Lakini mie siipigi tena. Ijumaa ni siku ya chanjo, kina mama watajaa. Mkileta nzuri, nitaipiga. Msipoleta, basi."

Jioni ile Somoe na Demetria walimwendea Zubeda, jirani aliyewahi kufanya kazi ya kurekodi redioni. Akaja nao uani kwa Somoe, akaisikiliza kanda mpaka mwisho.

"Mlirekodi vipi?"

"Demetria akiimba, napunguza hapa," Somoe alisema, akigusa kitufe cha redio kaseti. "Nikisoma mie, naongeza."

Zubeda akacheka. "Hicho ni cha kusikilizia tu. Kwenye kanda hakibadilishi kitu. Umekuna mguu wa jirani, wako bado unawasha. Cha kurekodia ni hiki, chenye mshale juu yake wa kupimia sauti inayoingia. Demetria, imba pale unapopanda kabisa."

Demetria akaimba. Mshale ukaruka ukalala kwenye sehemu nyekundu.

"Hapo sauti inakwaruza. Rudi nyuma hatua tatu. Imba tena." Zubeda akapunguza kidogo kidogo, mpaka mshale ukawa unaishia karibu na nyekundu bila kuigusa. "Sasa kitufe hiki asikiguse mtu mpaka mwisho. Somoe, wewe sogea. Mdomo na maikrofoni viachane shibiri moja. Soma, mshale ufike pale pale alipoufikisha mwenzako."

Somoe akasoma. Mshale ukatikisika kidogo, ukarudi chini.

"Una sauti ya bi harusi," Demetria akasema.

"Unamwonea haya nani?" Zubeda akauliza.

Somoe akatupa jicho mlangoni. Ndani alikuwa mkwewe, Mzee Khalfani. Tangu aolewe hajawahi kupaza sauti mzee akiwa nyumbani. Ndivyo alivyolelewa.

Mzee akakohoa. "Somoe."

"Abee, baba."

"Hayo maji watakunywa wajukuu zangu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi soma nikusikie mpaka huku. Adabu ya kumponza mtoto mie siijui."

Somoe akavuta pumzi, akasoma. Mshale ukapanda, ukafika pale pale.

"Umeona?" Zubeda akasema. "Kila sehemu ilingane na ya kwanza. Msikilizaji akishaweka sauti ya redio yake, asihitaji kuinuka tena."

Wakarekodi yote upya, kisha wakaisikiliza bila kugusa kitu. Mzee akaitikia kila kipimo kutoka ndani.

Ijumaa Somoe alikaa benchi la nyuma kabisa pale kliniki. Clara akaweka kanda, akarekebisha sauti mara moja, akaenda kupima watoto uzito. Demetria akaimba. Hakuna mtoto aliyelia. Kisha ikaja sauti ya Somoe, na Clara hakurudi kwenye redio.

Mama aliyekaa kando yake alikuwa akihesabu kwa vidole, mtoto mapajani.

"Maji yaliyochemshwa, lita moja," alinong'ona. "Sukari, vijiko vya chai sita, visawazishwe. Chumvi, nusu kijiko cha chai." Akamgeukia Somoe. "Juzi mie nilitia sita vya chumvi, dada. Kanda ile ilikuwa haisikiki. Ya leo hata kiziwi ataisikia."

Somoe akampokea mtoto, akampakata. Alikuwa mzito, mwenye afya, na alimvuta ushungi kwa nguvu.