Wazoroki na Vichupa vya Fundi Saa

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akaketi kwenye stuli jikoni kumsaidia mama yake kufunga barafu. Mama alikuwa muuza barafu za maji ya matunda. Yeye alimimina, Chiriku alishika kifuko, akakaza fundo, akakilaza ndani ya friza. Friza hiyo ilikuwa kama sanduku refu chini ya dirisha. Pembeni yake palisimama friji ndogo ya vyakula vya nyumbani.

Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukupumzika. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alisimulia ya darasani, ya njiani, mpaka ya mbuzi aliyekula daftari la mtu.

"Mwanangu, meza mate kwanza," Mama alizoea kumwambia.

Siku hizo walikuwa wamepata mpangaji wa chumba cha uani, dada mmoja mwembamba, fundi wa saa. Watu wote walimwita Fundi. Siku aliyohamia alimkabidhi Mama kiboksi kidogo chenye vichupa viwili.

"Mama, shikamoo. Naomba uniwekee dawa yangu kwenye friji. Isipate joto, lakini nakuomba sana, isigande. Ikiganda imekufa."

"Marahaba. Ondoa shaka, mwanangu. Nitaiweka mlangoni pale, mbali na ubaridi mkali."

Fundi alipotoka, Chiriku aliuliza, "Dawa ya nini, Mama?"

"Ya mwenyewe. Hayo ni mambo ya wakubwa. Usiiguse."

Basi, hapo ndipo shaka ilipoingia. Mtoto akinyimwa jibu hakai bila jibu, hulitafuta kwingine. Na Chiriku alijua pa kulitafuta.

Nyumba ya pili alikaa mwenzake wa darasani aliyeitwa Profesa, kwa sababu alivaa miwani na alijua kila kitu, hasa visivyo vya kweli. Kaka yake Profesa alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na video za viumbe wanaoitwa Wazoroki. Wazoroki walitoka sayari ya mbali na nia yao ilikuwa moja, kuiteka dunia. Hawakuja kwa vita. Walijigeuza watu, wakapanga vyumba na kusalimia majirani vizuri, huku wakisubiri siku yao. Walikuwa na jicho la kioo la kutuchunguza. Walionja damu ili waijue. Mayai yao waliyahifadhi kwenye ubaridi, lakini yakiganda tu, yanakufa.

Chiriku aliposikia hilo la mayai, alimshika Profesa mkono.

"Profesa, yeye mwenyewe amesema! Kwa mdomo wake! Ikiganda imekufa."

"Nani?"

"Mpangaji wetu."

Kuanzia hapo wakamchunguza Fundi kupitia tundu la ukuta wa uani. Waliona mengi. Fundi alikaa mezani mlangoni kwake, amebana jichoni kioo cheusi kilichochomoza kama mdomo wa chupa, ameinamia vigurudumu vidogo kama mbegu za nyanya. Kabla ya kula alijidunga kidole, akaikamua damu, akaigusisha kwenye kimashine. Kimashine kikalia, pii! Fundi akakisoma, akatikisa kichwa.

"Kinaonja," Profesa alinong'ona. "Sasa kinatuma habari huko juu."

"Na mbona hatumii sukari kwenye chai yake?"

"Wao hawali vitamu. Ingekuwa wewe ungeishi bila barafu? Huyo si mtu."

Mama alimwona binti yake amekuwa kimya jikoni, akamgusa paji la uso. "Unaumwa?" "Hapana, Mama." Kimya hicho kilimtia Mama wasiwasi, lakini siku hiyo barafu zilikuwa nyingi, wateja wanagonga mlango, akaacha.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifungua friji, akachukua kile kiboksi, akakichimbia chini ya vifuko vya barafu kwenye friza. Alijiona kama askari peke yake aliyebaki duniani. Jioni akakitoa, vichupa vimekuwa vigumu kama mawe. Akavikausha kwa pindo la gauni na kuvirudisha mlangoni mwa friji. Vilipoyeyuka, maji yake yalionekana vilevile. Hakuna aliyeweza kujua.

Fundi alikuja kuchukua kichupa kama kawaida yake, akashukuru, akaenda.

Kesho yake Fundi alianza kunywa maji. Alikunywa jagi zima, akaomba lingine. Alikwenda msalani, akarudi, akaenda tena. Siku iliyofuata hakukaa mezani. Saa za watu zilibaki zimefunguliwa matumbo, na yeye alikuwa amejiegemeza ukutani, macho yameingia ndani, anahema kama aliyepanda ngazi. Chiriku alitumwa kumpelekea maji. Alipoinama kuweka jagi, alinusa pumzi ya Fundi. Ilinukia kama matunda yaliyoiva mpaka yakaanza kuchacha.

Alikimbia ukutani.

"Ndiyo harufu yao hiyo!" Profesa alirukaruka. "Mayai yamekufa, sasa na yeye anakwisha. Tumeshinda! Wataandika habari zetu!"

Chiriku hakuruka. Alikuwa anamtazama Fundi kwa lile tundu. Fundi alijiinua akiwa na ndoo, akatapika, akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akasema polepole, peke yake, "Jamani, mama yangu." Chiriku naye alisema hivyohivyo alipougua homa. Mzoroki angemwita mama wa nini?

"Profesa, je, kama si Mzoroki?"

"Ah! Ishara zote anazo."

"Lakini je, kama siye?"

Profesa alisukuma miwani yake juu.

Chiriku alirudi uani akamkuta Mama amesimama mlangoni mwa Fundi, mikono kiunoni, uso umekunjamana.

"Twende hospitali, mwanangu. Hali hii siipendi hata kidogo."

"Hapana, Mama. Nina kisukari tangu utotoni, nakijua. Sukari imepanda tu. Nimejidunga insulini, haishuki. Nimeongeza, haishuki. Sijui nimekosea wapi." Aliongea kwa vipande, akivuta pumzi. "Nitajidunga tena kutoka kichupa hichohicho, nilale kidogo. Nitaamka nikiwa sawa. Kuna mtu nimemwahidi saa yake leo."

Alinyoosha mkono kuchukua sindano.

Chiriku alisimama kama aliyepigwa msumari. Kichupa kilikuwa pale mezani, kinang'aa, kizuri, lakini dawa iliyomo ilishakufa. Fundi angejidunga na kulala akidhani ametibiwa. Mama hajui, wala Fundi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusema. Na kusema maana yake ni kumtazama Mama usoni.

"Imeganda!" alipiga kelele. "Hiyo dawa, mimi niliigandisha! Zote mbili! Nilizitia kwenye friza nikazirudisha. Usijidunge, dada, haifanyi kazi!"

Mama aligeuka. Chiriku alifumba macho akingoja kofi. Halikuja. Alisikia sauti ya Mama ikimwita jirani mwenye teksi, kali kama king'ora, kisha akasikia, "Shika mkoba wake. Na hivyo vichupa uvibebe wewe mwenyewe, ukamwambie daktari ulivyoniambia mimi. Neno kwa neno."

Hospitalini Chiriku alisema neno kwa neno. Daktari aliinua kichupa kwenye mwanga, akakitupa kwenye pipa la sindano, akaagiza dawa nyingine na dripu palepale.

"Insulini ikiganda inaharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri," alimwambia Mama. "Angejidunga hiyo akalala nyumbani, tungezungumza mengine sasa. Mshukuruni huyu aliyesema."

"Aliyesema ndiye aliyefanya," Mama alijibu.

Fundi alirudi nyumbani baada ya siku chache, amepungua lakini anatabasamu. Chiriku alikaa mbali naye, anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Njoo hapa, muuaji wa Wazoroki," Fundi alimwita. "Profesa ameniambia yote, tena kwa majigambo. Haya, niulize unachotaka kuuliza."

Chiriku alimeza mate. "Kidole kinauma?"

"Kidogo. Ila kimashine kinanieleza sukari imefika wapi. Mwili wangu hautengenezi insulini, kwa hiyo naileta kwa sindano."

"Na jicho la kioo?"

Fundi alimbandikia kile kioo jichoni. Vigurudumu vidogo vikawa vikubwa kama sahani, vinazunguka, vinasukumana. Chiriku akasahau kuogopa, akauliza na kuuliza, mpaka Fundi akasema, "Sasa ndiyo wewe Chiriku niliyeambiwa."

Wakati huo kichwa cha Profesa kikachomoza juu ya ukuta. "Chiriku! Kuna muuza maji mpya mtaani. Anavaa kofia hata jua likishazama. Ile ni ishara ya..."

"Umemwuliza kwa nini anaivaa?" Chiriku alimkata.

"Atanidanganya."

Mama alitoka jikoni, beseni mkononi. Alilitua chini.

"Nisikilizeni nyote wawili. Zile video zimetungwa na watu, wenye kamera na rangi za usoni. Mimi sisemi msiwe na shaka. Dunia hii ina mabaya, na mimi mwenyewe nina shaka kuliko nyinyi. Nikisikia mlango nashtuka. Lakini shaka yako ilete mezani, iseme mbele ya mtu mzima. Ukiificha inakua, mwisho unamdhuru mtu asiye na kosa. Dawa ya mtu haiguswi hata kwa mchezo. Na ukishakosea, sema upesi, kabla hajaumia mtu. Mwanangu alisema dakika ya mwisho. Nikifikiria angenyamaza..." Alijifuta macho kwa upande wa mkono. "Na mimi nami kosa langu ni pale nilipomjibu kwamba ni mambo ya wakubwa. Siku hizi akiuliza, najibu."

Alifungua friji. Mlangoni, juu ya kiboksi kipya, palikuwa pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa Chiriku: DAWA YA DADA FUNDI. ISIGUSWE. ISIGANDE. UKIWA NA SWALI, NIULIZE MIMI.

"Profesa," Mama alisema, "shuka ukutani hapo, uingie kwa mlango. Kisha mtanisindikiza wote wawili, tukamsalimie huyo muuza maji."