Banda la Kuanikia

Saa nne asubuhi wingu jeusi lilitokeza juu ya paa la shule. Mama Pasi aliliona kabla ya wenzake. Aliacha karai lake akapiga kelele.

"Anueni! Anueni haraka!"

Wanawake wanane walikimbilia kamba. Mmoja alifungua vibanio. Mwingine alikusanya mashuka begani mpaka uso wake ukapotea. Matone ya kwanza yalipoanguka, uani palibaki kamba tupu.

Wanawake hawa walikuwa madobi. Walifua mashuka na taulo za nyumba ya wageni iliyokuwa kwenye barabara kuu. Walifulia nyumbani kwa Mama Pasi kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa karibu na ua wake. Na yeye walimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Alinyoosha nguo mpaka mikunjo ikaona haya.

Mvua ikinyesha, mashuka yaliingia ndani. Yalitundikwa sebuleni, chumbani, hata juu ya kitanda. Mume wa Mama Pasi alikuwa mchoraji wa mabango. Mtaani aliitwa Fundi Rangi. Mchana ule alifungua mlango, shuka bichi likampiga usoni.

"Lo! Mke wangu, hivi nilioa mwanamke au nilioa hoteli?"

"Inama upite, baba watoto," alijibu Mama Pasi akicheka. "Chakula chako kiko mezani, nyuma ya foronya."

"Foronya ipi? Ziko arobaini!"

"Fuata harufu ya maharage."

Fundi Rangi alipita ameinama, mkono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani. Watoto walimcheka mpaka wakapaliwa.

Jioni hakuna aliyecheka. Meneja wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe. Alichukua shuka moja kwenye mzigo uliokuwa tayari, akalinusa.

"Bado bichi," alisema. "Na linanuka uvundo. Mama Pasi, mikono yenu siilaumu. Lakini mgeni wangu halali kwenye shuka bichi. Msimu huu nitawavumilia. Mvua za mwaka ujao zikinikuta na shuka kama hili, natafuta dobi mwenye mashine."

Aliondoka. Wanawake walitazamana. Kazi ile ilikuwa ada za shule za nyumba nane. Ilikuwa kodi, chakula na dawa. Mikono kumi na sita iliyochubuliwa na sabuni ilikuwa inaishikilia kazi ile, na mvua ilikuwa inaivuta.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa bombani. Mfuko mmoja wa hisani ulikuwa unasaidia vikundi vya wanawake wanaofanya kazi pamoja. Fomu ilitolewa bure.

Fundi Rangi alifurahi kuliko wote. Alileta fomu, akafuta meza, akachagua kalamu.

"Tulieni, akina mama. Leo mwandiko wangu utafanya kazi."

Fomu iliuliza: Kiongozi wa kikundi ni nani? Fundi Rangi alijikohoza. "Hapa nijiandike mimi. Nitawasemea." Akajiandika.

Fomu iliuliza: Kikundi kinahitaji nini? Hakumuuliza mtu. Aliandika kwa herufi nzuri zenye mikia: Vyerehani vinne.

Dada yake alikuwa mmoja wa madobi. Mama Pasi alimwita wifi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sabuni ya kipande. Alichungulia ile fomu.

"Kaka, nani hapa anashona?"

"Mtajifunza. Wewe huwajui wafadhili. Wafadhili wanapenda vyerehani. Kile kikundi cha ng'ambo ya barabara si kilipewa?"

"Kilipewa. Vimefunikwa kitambaa mpaka leo. Juu ya kimoja kuku anaatamia."

"Haya, shika kalamu uandike wewe!"

Wifi alirudi nyuma. Wote walimtazama Mama Pasi. Neno lilimfika kooni. Lakini alimtazama mumewe, amejikunja juu ya karatasi, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayechora. Alikuwa anafanya kwa mapenzi. Mama Pasi hakutaka kumvunja moyo.

"Sawa," alisema, akatia sahihi kwa niaba ya kikundi.

Hapo ndipo walipokosea, wote wawili. Mmoja aliandika bila kuuliza. Mwingine alijua, akanyamaza.

Baada ya mwezi, mfanyakazi wa mfuko alikuja kuwatembelea. Mvua ilikuwa inanyesha. Alivaa mabuti ya mpira yenye matope hadi magotini, na wanawake wakampa jina palepale: Dada Mabuti. Alipita chini ya shuka la kwanza, la pili, la tatu. Akakuta kiti.

"Fomu yenu ina mwandiko mzuri sana," alisema.

Fundi Rangi alivimba kifua.

"Nani kati yenu mshonaji?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye taulo. Fundi Rangi alifungua mdomo.

"Kaka yangu, samahani," alisema Dada Mabuti kwa upole. "Nawauliza wao."

Mama Pasi alitazama sakafu. Alifikiri haraka. Nikisema kweli, tutaonekana waongo, tutakosa vyote. Nikinyamaza, tutapewa vyerehani, na mwakani meneja atachukua mashuka yake. Akainua uso.

"Hakuna mshonaji hapa, dada. Fomu ile si ya kweli, na sahihi ni yangu. Sisi ni madobi. Tunajua kufua, tunajua kunyoosha. Kinachotushinda ni kukausha. Tunahitaji paa lenye mwanga, kamba chini yake, na pande zilizo wazi upepo upite. Tunahitaji ile mashine ya mkono ya kukamulia, yenye rola mbili zinazobana nguo katikati. Ukizungusha mpini, shuka linatoka karibu kavu. Basi. Kama tumeharibu, tusamehe."

Alimaliza, jasho linamtoka. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni.

Dada Mabuti alitabasamu. "Hayo ndiyo niliyotaka kusikia. Nimeona mashuka tangu mlangoni. Nilikuwa natafuta cherehani kitaingilia wapi."

"Kwa kuku," alisema wifi. Nyumba nzima ikacheka, na Dada Mabuti akaelezwa habari za kuku wa ng'ambo.

Kisha aliwafundisha. "Sikilizeni. Huu si mkopo. Wala si zawadi ya mtu anayetafuta kura. Ni fedha za watu waliochanga kwa hiari. Wengine wana vingi, wengine ni watu wa kawaida kama sisi. Wanataka mwanamke asimame kwenye kazi yake, na sauti yake isikike mtaani kwake. Sasa wao wako mbali. Hawajui shida ya dobi. Anayejua ni dobi. Kwa hiyo msiombe mnachodhani mfadhili anapenda. Ombeni kazi yenu inachohitaji."

"Na mtu akitudai pesa ili atusaidie kupata msaada?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Mfukuzeni. Fomu ni bure, mimi kuwatembelea ni bure. Hata chai nitakunywa kwa sababu kuna baridi tu."

Aliletewa chai. Akaendelea. "Ile fomu tutaichana, mtajaza nyingine. Mna siku tano. Kabla ya kuijaza, fanyeni mambo matatu. Kaeni wote, kila mmoja aseme. Mchague kiongozi wenu wenyewe, kwa kura ya siri. Na mjue banda litasimama kwenye kiwanja cha nani, muwe na barua. Banda likijengwa kwenye kiwanja cha mtu bila barua, kesho atalihamia yeye."

Mgeni alipoondoka, Fundi Rangi alijitenga pembeni. Mama Pasi alimsogelea.

"Umekasirika?"

"Nimeona haya. Mke wangu, mimi siwezi kuchora bango la duka bila kumuuliza mwenye duka anauza nini. Nyinyi sikuwauliza."

"Na mimi ningesema siku ileile. Nilikuonea huruma, ulimi ulivyokuwa nje."

"Ulimi ulikuwa nje?"

"Mpaka kidevuni."

Kesho yake kikundi kilipiga kura. Walitundika shuka katikati ya chumba. Nyuma yake waliweka mabeseni mawili. La bluu lilikuwa la Mama Pasi, la kijani la wifi yake. Kila mwanamke aliingia peke yake na kibanio kimoja cha nguo, akakiweka kwenye beseni alilotaka. Mwishowe walitoa mabeseni nje. La kijani lilikuwa na vibanio viwili. La bluu lilikuwa na sita.

"Wifi, samahani," alisema Mama Pasi.

"Samahani ya nini? Kibanio kimoja cha beseni lako ni changu! Mimi nikiongoza, kikao kitaisha lini? Lakini unisikilize. Ukinyamaza tena, nitakubana hicho kibanio puani."

Nyuma ya bomba palikuwa na kiwanja kitupu cha mtaa. Mama Pasi alikwenda ofisi ya mtaa kukiomba. Mvua ilikuwa kubwa, mumewe akamsindikiza. Mzee wa ofisi aliwakaribisha, akamgeukia Fundi Rangi.

"Ndiyo, bwana. Tukusaidie nini?"

Fundi Rangi alitikisa kichwa. "Mimi nimeshika mwavuli tu, mzee. Mwenye shida ni kiongozi huyu."

Mama Pasi alieleza. Mzee alikuna kidevu.

"Kile kiwanja ni cha watu wote. Nikiwapa nyinyi wanane, wengine watasema nini?"

"Waje kuanika. Tutaacha kamba mbili kwa majirani, bure. Na lile tope la bombani tutalichimbia mfereji. Mzee, watoto wanateleza pale kila siku, na hakuna aliyelishughulikia."

Mzee alichungulia dirishani kule bombani. Kisha akavuta karatasi, akaandika barua, akagonga muhuri.

Fomu mpya iliandikwa na wanawake wenyewe. Kila mmoja alisema, wifi akaandika. Mwandiko ulikwenda upande kama ng'ombe mlevi, lakini kila neno lilikuwa la kweli. Mfuko ulikubali. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, banda lilisimama. Paa lake lilikuwa la mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Pande zote zilikuwa wazi, na mashine ya kukamulia ilisimama katikati. Mfereji ulichimbwa pia, na watu wa mtaa wakamwingiza Mama Pasi kwenye kamati ya bomba. Alikuwa mwanamke wa kwanza humo.

Mvua zilikuja. Zilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi meneja alifika bandani. Alichukua shuka, akalinusa. Akalinusa tena. Akaliweka shavuni.

"Nina rafiki mwenye nyumba ya wageni," alisema. "Naye analia habari za shuka bichi. Nimlete?"

"Mlete," alijibu Mama Pasi, "aje tuzungumze."

Jioni hiyo Fundi Rangi alileta ubao na makopo ya rangi. Alikuwa na maneno mazuri tayari kichwani, mistari minane yenye vina. Alichovya brashi, akaisimamisha hewani.

"Akina mama," aliuliza, "niandike nini?"

Wanawake walishauriana kidogo. Kisha Mama Pasi alisema, "Andika: Madobi. Tunakausha hata mvua ikinyesha."

"Basi?"

"Basi."

Aliandika hivyohivyo. Hakuongeza hata nukta.

Usiku ulipokaribia alirudi nyumbani. Alifungua mlango, akainama, mkono mbele, akavuka sebule hatua kwa hatua. Watoto walianza kucheka. Mama Pasi alikuwa mezani anapakua maharage.

"Simama wima, baba watoto," alisema. "Hoteli imehama."